Bustani ikigoma Mombasa: onja maji kwanza, dawa baadaye

Maswali ninayoletewa ni yale yale kila msimu. Majani yamekuwa manjano. Ncha zimeungua. Nyanya inachanua vizuri kisha inamwaga maua. Mche uliokuwa mzima jana leo umelala. Mpapai umevaa pamba. Mnazi unadondosha vidaka. Na anayeuliza, awe wa Likoni, Kisauni au Mikindani, aghalabu huwa ameshapita dukani na chupa ya dawa anayo mkononi. Huniuma, kwa sababu pesa ile ingenunua gunia la samadi, na dawa yenyewe mara nyingi haina la kutibu. Hapa kwetu matatizo mengi huanzia kwenye maji na udongo. Wadudu huja kumalizia mmea uliokwisha kuchoka.

Kisiwa chenyewe, Nyali, Bamburi, Shanzu na sehemu kubwa ya Likoni vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, yaani chokaa, uliofunikwa na mchanga mwepesi usioshika maji wala mbolea. Ukivuka kwenda Jomvu na Mikindani unakutana na udongo mzito wa mfinyanzi ambao wakati wa masika hutuama maji. Kwa hiyo ushauri uliomfaa shemeji yako wa Mikindani unaweza kukuharibia kabisa wewe wa Bamburi. Katika kila dalili nimetanguliza sababu ninayokutana nayo zaidi, na ukaguzi usiokugharimu kitu.

Ncha na kingo za majani zimekauka kama zimeunguzwa

Sababu ya kwanza, na kwa mbali, ni chumvi ya kisima.

Maji matamu ya visima vyetu hayako peke yake chini. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya matumbawe, na ukivuta kwa pampu kwa nguvu na kwa muda mrefu, yale ya chumvi hupanda. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu miaka ya nyuma huanza kubadilika majirani wakichimba vyao na kufunga pampu. Karibu na mikono ya bahari kama Tudor na Mtwapa mabadiliko huonekana hata ndani ya siku moja.

Fanya hivi. Chota maji bahari ikiwa imejaa, chota tena ikiwa imekupwa, na ukiweza chagua siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa zaidi. Yachemshe, yapoe, kisha weka tone ulimini na uteme. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi, kwa hiyo ladha utaipata vilevile. Ikiwa ya maji kupwa ni nafuu, basi jaza tangi lako saa hizo. Tazama pia juu ya udongo wakati wa jua kali: ukoko mweupe unaobaki tuta linapokauka mara nyingi ni chumvi. Na sabuni isiyotaka kutoa povu inakuambia kuwa maji ni magumu, jambo la kawaida kwenye matumbawe, lakini haikuambii kuwa yana chumvi. Watu wengi huchanganya haya mawili.

Kipimo cha kweli ni kile cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho afisa wa kilimo au maabara wanacho; chumvi ikizidi, namba hupanda, na kizio chake huandikwa dS/m. Maji yakisoma chini ya 0.7 dS/m, mwagilia bila wasiwasi. Kati ya 0.7 na 3 yahitaji uangalifu. Zaidi ya 3, mboga nyingi zitateseka. Nikuonyeshe maana yake: maji ya 3 dS/m yana karibu gramu 2 za chumvi kwa kila lita. Debe la lita 20 kwa siku, kwa siku 30, ni zaidi ya kilo moja ya chumvi uliyoimwaga mwenyewe kwenye tuta moja. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilikaa chini. Nilikuwa na tuta la maharage lililokuwa likifa polepole, na kila lilivyozidi kukauka ndivyo nilivyozidi kulimwagilia.

Tiba huanza na kuacha kumwagilia kidogo kidogo kila saa. Mwagilia kwa wingi, maji yapenye mpaka chini ya mizizi, kisha acha. Maji machache huacha chumvi pale pale juu. Maji mengi huisukuma chini. Funika tuta kwa makuti yaliyokatwakatwa au majani makavu ili jua lisinyonye maji na kuacha chumvi. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati wakati wa masika na vuli, uyatumie kwenye kitalu, kwa kuwa miche michanga ndiyo isiyovumilia kabisa. Na chagua mmea kulingana na maji uliyonayo. Maharage huanza kupoteza mavuno hata chumvi ikiwa kidogo. Spinachi na bitiruti huvumilia zaidi. Mnazi huvumilia kuliko hao wote.

Ikiwa maji yako si ya chumvi, angalia samadi. Ya kuku ikiwekwa mbichi huunguza mizizi, na majani huonyesha dalili ile ile. Kumbuka uliiweka lini. Iwapo ni ndani ya wiki mbili, iondoe, mwagilia kwa wingi, na safari nyingine iache iive miezi 2 hadi 3, mpaka isiwe na joto wala harufu kali.

Sababu ya tatu huwapata walio karibu na ufuo: upepo wa kusi unaorusha chumvi. Dalili yake ni rahisi kutambua, kwani mmea huungua upande mmoja tu, ule unaotazama bahari. Panda ukuta wa mivinje au weka kizuizi cha makuti. Majani yaoshe jioni kwa maji matamu.

Simama hapa: kama kisima kiko karibu na choo cha shimo au tangi la maji taka, usiyamwage maji hayo juu ya mboga zinazoliwa mbichi, hata yakiwa matamu kama ya mvua. Yapeleke yakapimwe vijidudu kupitia ofisi ya afya ya umma. Hili si la kujaribia nyumbani.

Majani yamekuwa manjano

Swali langu la kwanza huwa moja: yapi, ya chini au ya juu? Jibu hilo hukata nusu ya kazi.

Majani ya chini, yaliyozeeka, yakigeuka manjano jani zima kwa usawa, mmea una njaa ya nitrojeni. Kwenye mchanga wetu hili ni la kawaida mno, hasa baada ya wiki ya mvua kubwa, kwa sababu mvua huichukua mbolea ikaenda nayo. Usilipize kwa kuweka mbolea nyingi kwa mara moja. Weka kidogo mara nyingi: kizibo kimoja cha soda kilichojaa sawasawa kwa mche mmoja wa sukuma wiki, mbali kidogo na shina, urudie baada ya wiki 3. Penye matumbawe napendelea mbolea ya salfeti ya amonia kuliko ile ya CAN, kwa sababu CAN huja na chokaa ndani yake, na sisi chokaa tunayo ya kutosha. Hata hivyo, mbolea ya dukani bila mboji ni kumimina maji kwenye pakacha. Samadi ndiyo inayoufanya mchanga ushike.

Majani ya juu, machanga, yakiwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani kama wavu, huo ni upungufu wa chuma. Chuma kimo udongoni, lakini chokaa imekifunga na mzizi haukifikii. Mindimu, milimau, miasumini na mawaridi ya uani huonyesha mapema. Hakikisha kwa siki au maji ya ndimu: chukua udongo mkavu kiganja kimoja, udondoshee. Ukitoa povu na kuchemka, una chokaa nyingi.

Hapa ndipo ninapowaomba watu waache jambo moja. Majivu. Wengi wetu tulifundishwa na bibi zetu kumwaga majivu ya jikoni shinani ili kufukuza wadudu, na kwenye udongo wa bara wenye uchachu huenda yakasaidia. Juu ya matumbawe majivu huzidisha ugonjwa ule ule. Vivyo hivyo vifusi vya ujenzi. Nimechimba kwenye shina la mlimau mmoja wa uani, Mji wa Kale, nikatoa karai mbili za plasta ya zamani.

Kwa mti ambao haujapandwa, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, toa mawe yote, jaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyoiva. Kwa mti uliokwisha simama, weka mboji nene kuuzunguka kila msimu, na ukitaka matokeo ya haraka tafuta mbolea ya chuma ambayo lebo yake imeandikwa EDDHA. Aina za kawaida hufungwa tena na chokaa kabla mti haujafaidi. Usipige misumari kwenye shina. Msumari hauulishi mti. Unaufungulia mlango wa kuoza.

Kwa wanaoniambia juu ya matumbawe hakuoti kitu, ninawapeleka Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu usio na udongo hata chembe. Kati ya aina 26 alizojaribu, mivinje ndiyo iliyomfungulia njia. Majani yake makavu yalijirundika bila kuoza mpaka alipoleta jongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo ule ni msitu. Hakuleta lori za mbolea. Alingoja udongo ujengwe.

Huko Jomvu na Mikindani, manjano wakati wa masika mara nyingi ni mizizi kukosa hewa. Chimba muo mmoja kwenda chini: ukinusa uvundo na kuona maji, inua matuta na fungua mfereji. Mbolea haitasaidia hapo.

Nyanya inachanua lakini haizai

Joto. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 22 hivi na mchana ukapita 32, chavua ya nyanya huharibika na ua hudondoka. Miezi ya kaskazi, hasa Februari na Machi, Mombasa haipoi hata usiku wa manane. Hakuna dawa ya dukani itakayobadilisha hali ya hewa, na anayekuuzia chupa ya "kukamata maua" mwezi wa Februari anakuuzia matumaini.

Panga tarehe badala yake. Sia kitalu Mei chini ya kifuniko cha kukinga mvua, hamisha Juni, ili maua yaje Julai na Agosti ambapo hewa yetu ni baridi kidogo. Kaskazi nayo iachie mabenda, kunde, mchicha na mabiringani. Hizo ndizo zinazoipenda.

Nyanya ikizaa halafu ikaoza kitako, doa jeusi bapa upande wa chini, si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalisiamu kwa wakati, na kwetu sababu si udongo kukosa kalisiamu. Ni maji kuja kwa kurukaruka, siku tatu kavu, siku ya nne gharika. Chumvi nayo huchangia. Mwagilia kwa ratiba, funika tuta, matunda yanayofuata yatatoka mazima.

Mche ulikuwa mzima jana, leo umelala

Kwanza utazame alfajiri. Ukiwa umesimama asubuhi na kulala saa nane, una kiu au jua limeuzidi. Ukiwa umelala hata alfajiri na udongo una unyevu, ng'oa mmoja.

Mizizi ikiwa na vinundu kama shanga zilizotungwa ovyo, hao ni minyoo wa mizizi, na wanaupenda mchanga wetu. Usiwachanganye na vinundu vya kunde: vile hubanduka kwa ukucha na ndani vina wekundu, tena ni vya manufaa. Vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Ng'oa mimea yote na mizizi yake, choma, pumzisha tuta, na panda mibangibangi kwa kubanana kwa msimu mmoja au miwili kabla ya kurudi kwenye nyanya. Samadi nyingi hupunguza makali yao.

Mizizi ikiwa safi, kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, usilitikise. Ngoja dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko wa bakteria.

Simama hapa: mnyauko huu hauna dawa ya kunyunyizia, na hukaa udongoni kwa miaka. Ng'oa mche pamoja na udongo wake, uchome. Osha jembe, viatu na mikono kabla ya kuingia tuta jingine. Usipande hapo nyanya, biringani, pilipili wala viazi. Usimpe jirani miche kutoka kitalu hicho, hata akikuomba vipi. Kisha mpigie afisa wa kilimo wa wadi yako, kwa kuwa tatizo likiwa kwako huenda liko kwa wengi.

Mpapai umevaa pamba

Pamba nyeupe nyuma ya majani na juu ya matunda, utamu wa kunata, masizi meusi, chungu wakipanda na kushuka. Pamba hiyo ni wadudu, na walitambuliwa Kenya mara ya kwanza mwaka 2016, hapa hapa Mombasa. Wakiwa wachache, kata majani yaliyovamiwa, yatie ndani ya mfuko na kuufunga. Nyunyiza maji kwa nguvu ya mpira, kisha maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni jua likishapoa. Jaribu kwenye jani moja kwanza. Zuia chungu wasipande, maana wao huwalinda wadudu hao ili wale utamu wao. Mafuta ya mwarobaini, yaani mkilifi, husaidia, na mti wenyewe tunao kila mtaa. Sumu kali huua nyigu wadogo wanaowatafuna wadudu hawa, na pamba hurudi nene kuliko awali.

Mpapai ukichanua vikonyo virefu vyenye maua mengi na hauzai, huo ni dume. Hauna ugonjwa. Bakisha mmoja tu.

Embe zikiwa na mafunza ndani, ni inzi wa matunda, aina iliyoonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Okota kila embe lililoanguka, kila siku, ulifunge ndani ya mfuko mweusi na kuuacha juani. Ukiokota wewe na jirani asiokote, kazi imepotea, kwa hiyo anzeni kwa kuzungumza.

Mnazi unadondosha vidaka, au makuti yamekatwa kama kwa mkasi

Vidaka vichache kuanguka ni desturi ya mnazi. Hauwezi kulea vyote. Vikianguka vingi, okota na utazame. Ukiona nyufa ndefu zilizodidimia na utomvu mkavu, kuna mdudu anayevinyonya vikiwa vichanga. Adui wake mkubwa ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanauma vibaya, najua, na wakwezi hawawapendi, lakini mnazi wenye maji moto huzaa. Msiwachome moto. Mnazi usio nao, unganisha kwa kamba na mti wa karibu walio nao, wajivukie.

Kuti jipya likifunguka likiwa na pembe zilizokatwa kama herufi V, ni chonga, yule mbawakawa mwenye pembe. Huingia kileleni usiku na kutafuna moyo wa mnazi. Minazi michanga ndiyo inayokufa. Kwa mnazi unaoufikia ukiwa umesimama chini, tafuta tundu lenye machicha, ingiza waya wenye ndoana, umtoe. Kazi kubwa iko chini, hata hivyo: chonga huzaliana ndani ya magogo ya minazi iliyooza na lundo la samadi lililoachwa. Pasua magogo, yachome au yatoe, pindua samadi kila mwezi na uokote mafunza yake meupe manene. Kuku watakushukuru.

Simama hapa: mnazi mrefu ni wa mkwezi. Usimpandishe kijana wa nyumbani. Na kileleni pakianza kunuka uvundo, au kuti la kati likang'oka kwa mkono, moyo umeoza. Mwite afisa aje autazame kabla hujaamua kuukata, na mnazi wa karibu na nyumba ukatwe na fundi mwenye kamba.

Ukifika hatua ya dawa, au ya maabara

Nunua dawa iliyo na lebo nzima na nambari ya usajili wa bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, si iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Soma siku za kungoja kabla ya kuvuna, uzihesabu kweli. Funika pua, mikono na miguu. Mtu akitapika, akitokwa jasho jingi au kuona giza baada ya kunyunyiza, mkimbize hospitali na lebo mkononi, na usimlazimishe kutapika.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko Mtwapa, na afisa wa wadi anaweza kukuelekeza. Usiende na jani moja lililokauka. Beba mche mzima na mizizi yake, umefungwa kwa gazeti, si kwa plastiki, maana ndani ya plastiki utafika umeoza. Udongo uchukue sehemu tano au sita za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye, ubebe nusu kilo. Maji, chupa ya lita moja iliyosuuzwa kwa maji yale yale, na juu yake uandike tarehe, saa, na kama bahari ilikuwa imejaa au imekupwa ulipoyachota.